Saa ya mfumo mgeni inarudi nyuma prosesa inapobadilisha masafa: kosa liko wapi?

tiki_na_nano

Habari wakuu. Naomba macho ya wanaoijua TSC, kaunta ya tiki iliyo ndani ya prosesa, kwa undani.

Ninaandika haipavaiza, yaani programu ya mwenyeji inayoendesha mifumo migeni. Ni moduli ya kerneli ya Linux inayotumia AMD-V, uwezo wa prosesa za AMD wa kuendesha mashine pepe. Mashine ya majaribio ni Athlon 64 X2 ya viini 2, draiva ni powernow-k8, na masafa hupanda na kushuka kati ya GHz 1.0 na GHz 2.4 kulingana na mzigo. Kwenye prosesa hii TSC inafuata masafa ya kiini: kiini kikipunguza mwendo, kaunta nayo inapunguza.

Mfumo mgeni ni Linux. Hautegemei TSC peke yake, unasoma rekodi ya saa iliyo kwenye ukurasa wa memori tunaoshirikiana, kwa mpangilio wa kvmclock, saa ambayo KVM (haipavaiza ya Linux) huwapa wageni wake. Ndani ya rekodi kuna namba ya toleo, thamani ya TSC rekodi ilipoandikwa, nanosekunde za mwenyeji za wakati huohuo, kizidishi cha biti 32, na msogezo. Mgeni anapiga hesabu hivi:

```
do {
    v = r->toleo;
    rmb();
    d = rdtsc() - r->tsc0;
    if (r->msogezo >= 0) d <<= r->msogezo;
    else                 d >>= -r->msogezo;
    ns = r->ns0 + ((d * r->kizidishi) >> 32);
    rmb();
} while ((v & 1) || v != r->toleo);
```

`d`, `ns` na `ns0` zote ni u64. Upande wa mwenyeji nimejisajili kupokea arifa za cpufreq, sehemu ya Linux inayobadilisha masafa. Nikipata CPUFREQ_POSTCHANGE (masafa yameshabadilika) naweka alama tu kwamba rekodi imepitwa, kisha inaandikwa upya prosesa pepe inapoingia tena kwa mgeni, nikitumia `freq->new`. Mbali na hapo rekodi inahuishwa kila milisekunde 100.

Dalili ni tatu. Masafa yakipanda kutoka 1.0 hadi 2.4, saa ya mgeni inarudi nyuma, wakati mwingine kidogo sana, wakati mwingine hadi milisekunde 5.6, haijawahi kuzidi hapo. Yakishuka, hakuna kurudi nyuma. Pili, hata nikiyafunga masafa kwenye 2.4, kila rekodi inapohuishwa saa inarudi nyuma mikrosekunde 467 hivi. Tatu, mara chache, kwa mfano prosesa pepe ikisimamishwa kwa muda halafu ikaendelea, msomaji wa kwanza anaona saa imerudi nyuma sekunde 4 na ushee.

Niinase RDTSC yote, yaani kila mgeni anapotoa amri hiyo ya kusoma TSC haipavaiza imjibu yenyewe, na kuachana na rekodi? Na je, msimbo huuhuu utafaa kwenye prosesa mpya?

---

chuma_na_kerneli

Mkuu, usinase kitu bado. Rekodi yako ni wazo sahihi, ila unaiandika kwa wakati usiofaa. Nitajibu dalili ya kwanza tu, zile nyingine zina chanzo tofauti.

Hiyo namba 5.6 inajieleza. Kerneli yako bila shaka ina HZ=250, yaani mkatizo wa taima kila milisekunde 4. Prosesa pepe ikiwa ndani ya mgeni na haina sababu ya kutoka, inabaki humo mpaka mkatizo huo uitoe. Sasa piga hesabu: masafa yamepanda hadi 2.4, lakini mgeni bado ana rekodi ya GHz 1.0 inayomwambia kila tiki ni nanosekunde 1. Katika milisekunde 4 za kweli kaunta inapiga tiki milioni 9.6, na mgeni anaamini zimepita milisekunde 9.6. Ametangulia kwa 5.6. Unapomwandikia rekodi mpya yenye `ns0` ya kweli, unamrudisha nyuma kiasi hichohicho.

Kushuka nako si salama kama unavyodhani, ila dalili yake ni tulivu. Kiini kiko 1.0, rekodi bado ya 2.4: katika milisekunde 4 mgeni anahesabu 1.67 tu, halafu anaruka mbele 2.33. Kuruka mbele programu nyingi huvumilia. Kurudi nyuma hazivumilii, maana anayetoa wakati wa mwanzo kwenye wakati wa mwisho kwa namba zisizo na ishara hupata muda wa mamia ya miaka.

Kanuni ni hii: mgeni aruhusiwe kuchelewa, asiruhusiwe kutangulia. Kwa hiyo masafa yakipanda, rekodi ibadilike KABLA, kwenye CPUFREQ_PRECHANGE. Yakishuka, ibadilike BAADA, kwenye CPUFREQ_POSTCHANGE. KVM yenyewe inafanya hivyo kwenye `kvmclock_cpufreq_notifier`, na uamuzi wenyewe ni mistari miwili tu:

```
if (val == CPUFREQ_PRECHANGE  && f->old > f->new) return 0;
if (val == CPUFREQ_POSTCHANGE && f->old < f->new) return 0;
```

Mistari hiyo peke yake haitoshi kwako, kwa sababu wewe unaweka alama na kuondoka. Masafa yanapopanda lazima uhakikishe hakuna prosesa pepe iliyobaki ndani ya mgeni na rekodi ya zamani wakati draiva inabadilisha masafa. Weka alama kwa prosesa pepe zote zilizo kwenye viini husika, kisha tuma mkatizo kwa kila kiini kwa `smp_call_function_single` ukiwa umeweka kusubiri jibu. Mkatizo unailazimisha prosesa pepe itoke, na ikirudi ndani inaikuta alama. Arifa hizi huendeshwa mahali ambapo kusubiri kunaruhusiwa, kwa hiyo usiogope. Kazi iliyotumwa haihitaji kufanya lolote, ujio wake tu ndio unaoleta kutoka. Kwenye kushuka mkatizo si lazima, ingawa ukiutuma pia utafupisha ule mruko wa mbele.

Viini husika ni vipi? Kwenye X2 viini vyote viwili vinabadilika pamoja. Kuanzia kerneli 5.2 arifa inakuja mara moja kwa kundi zima, siyo mara moja kwa kila kiini, na orodha ya viini iko `freq->policy->cpus`. Ukiandika kwa mazoea ya zamani na kushughulikia kiini kimoja, kiini cha pili kitabaki na rekodi mbovu.

Kuna mambo mawili kwenye uandishi wenyewe yanayowapiga watu chenga.

La kwanza, `tsc0` na `ns0` zisomwe kwenye kiini kilekile kitakachomwendesha mgeni, mikatizo ikiwa imezimwa, hatua chache kabla ya VMRUN, amri ya kumwingia mgeni. Kwenye kizazi hiki TSC za viini viwili hazilingani. Kiini kikilala kwenye C1 (usingizi mwepesi) saa yake inaweza kupunguzwa huku mwenzake akiendelea, na tofauti inazidi kukua. Kwa hiyo kila prosesa pepe inapohamia kiini kingine, rekodi iandikwe upya hata kama masafa hayajagusika.

La pili, mgeni akitekeleza RDTSC anapata TSC ya kiini kujumlisha ofseti iliyo kwenye VMCB (rekodi ya AMD yenye hali na mipangilio ya mgeni), sehemu ya 0x50. Basi `tsc0` nayo iwe imejumlishwa ofseti hiyohiyo. Ukiisahau, hesabu itaonekana sawa mpaka siku ofseti ibadilike.

Namba ya toleo: ifanye witiri, `smp_wmb` (kizuizi cha mpangilio wa maandishi), andika sehemu zote, `smp_wmb`, ifanye shufwa.

---

mizani96

Naungana na mkuu hapo juu, naongezea dalili ya pili na ya tatu.

Ya tatu kwanza, maana tiba yake ni ya mstari mmoja. Ukipima vizuri huo mruko utakuta ni sekunde 4.294967296 kamili, yaani nanosekunde 2 kwa kipeo cha 32. Tazama `(d * r->kizidishi) >> 32`. Zao linahifadhiwa kwenye biti 64. Baada ya kusogeza biti 32 kulia, zinabaki 32 za nanosekunde, na biti 32 hujaa kila sekunde 4.29. Hii haitegemei masafa: kwa 1.0 au kwa 2.4 ukomo ni uleule, kwa sababu kizidishi kimetengenezwa kigeuze tiki kuwa nanosekunde. Mradi rekodi inahuishwa kila milisekunde 100 huoni kitu. Prosesa pepe ikisimama zaidi ya sekunde 4.29 bila rekodi mpya, biti za juu zinapotea. Tumia zao pana:

```
ns = r->ns0 + (u64)(((unsigned __int128)d * r->kizidishi) >> 32);
```

Kwenye x86-64 hiyo ni amri moja ya MUL, haina gharama ya kuizungumzia. Kwa mgeni wa biti 32 gawa `d` vipande viwili vya biti 32, zidisha kila kimoja, kisha jumlisha. Pia andika rekodi upya kila prosesa pepe inaporudi baada ya kusimama, usitegemee taima pekee.

Sasa dalili ya pili, na hii ndiyo inayostahili muda wako. Mikrosekunde 467 kwa kila milisekunde 100 ni asilimia 0.467. Zidisha kwa MHz 2400 unapata kama MHz 11.2. Maana yake kiini chako kinapiga takriban MHz 2411.2 wakati `freq->new` inakuambia 2400000 kHz. Hiyo ya cpufreq ni namba ya jina, imetoka kwenye jedwali la draiva. Saa mama ya ubao haiko kwenye MHz 200.000 kamili, iko juu kidogo, na kuzidishwa mara 12 kunaikuza tofauti.

Mgeni anadhani tiki bilioni 2.4 ndiyo sekunde, kumbe sekunde ina tiki bilioni 2.4112. Anatangulia kila wakati, na kila uhuishaji unamvuta nyuma. Usingekuwa unahuisha, angepata sekunde 403 za ziada kwa siku, na hakuna NTP (usawazishaji wa saa kupitia mtandao) itakayoziba hilo kwa kusukuma taratibu: ukomo wa kawaida wa kusukuma ni sehemu 500 kwa milioni, wewe uko kwenye 4667.

Dawa: pima mara moja, kisha tumia uwiano. Funga masafa kwenye kiwango cha juu, soma TSC na saa ya mwenyeji, subiri sekunde 1 au zaidi, soma tena. Unapata `khz_pima` kwa `khz_jina` iliyokuwapo. Masafa yakibadilika:

```
khz = khz_pima * khz_mpya / khz_jina;
```

Linux yenyewe hufanya hivyo kwa `tsc_khz` yake kwenye prosesa za aina hii. Upimaji uwe dhidi ya HPET au acpi_pm, taima zilizo nje ya kiini, siyo dhidi ya TSC yenyewe. Angalia `current_clocksource` ya mwenyeji kwanza. Kama bado ni tsc kwenye K8 (kizazi cha Athlon yako) inayobadilisha masafa, simama hapo urekebishe hilo kabla ya kingine chochote.

Kwa kutengeneza kizidishi na msogezo, hizi hapa thamani ulinganishe na zako, kwa masafa ya jina:

GHz 2.4: msogezo −1, kizidishi 3579139413
GHz 1.6: msogezo 0, kizidishi 2684354560
GHz 1.0: msogezo 1, kizidishi 2147483648

Lengo la msogezo ni kukifanya kizidishi kikae kwenye nusu ya juu ya biti 32 ili usipoteze usahihi. Ukikiacha kidogo, kosa la kukata desimali linakuwa kubwa.

Kuna jaribu la kuweka kinga: unakokotoa saa ya mgeni kwa rekodi ya zamani, na kama imezidi `ns0` mpya, unatumia ile kubwa. Kinga hiyo ni halali kwa makosa ya nanosekunde mia mbili tatu za usomaji. Usiiweke kabla hujatibu masafa. Ukiiweka leo, dalili ya pili itatoweka machoni na mgeni atakimbia mbele dakika 6 na sekunde 43 kwa siku bila kulalamika.

---

hamahama

Kuhusu prosesa mpya: sehemu kubwa ya kazi hii haihitajiki huko, na ukiifanya utaharibu.

Tazama CPUID (amri ya kuiuliza prosesa uwezo wake) 0x80000007, rejista EDX, biti ya 8. Ikiwa 1, TSC inapiga kwa kasi isiyobadilika hata masafa ya kiini yakipanda, yakishuka, au kiini kikilala usingizi mzito. Intel inayo tangu Nehalem, AMD tangu familia ya 10h. Ndani ya Linux utaona `constant_tsc` na `nonstop_tsc` kwenye /proc/cpuinfo. Zote mbili ziwepo. Kuna prosesa za katikati zenye ya kwanza tu: TSC haifuati masafa, lakini inasimama kiini kinapoingia C3.

Ukikuta `constant_tsc`, usijisajili kabisa kwenye arifa za cpufreq. Sababu ni mbili. Moja, ungegeuza kizidishi kwa masafa ambayo TSC haiyafuati, yaani ungetengeneza kosa ambalo halikuwapo. Prosesa ya GHz 2.4 ikishuka hadi 1.2, TSC inabaki 2.4, na wewe unamwambia mgeni tiki ni ndefu kuliko zilivyo. Mbili, msajiliwa mmoja wa arifa za mabadiliko anatosha kuzuia kuwashwa kwa njia ya haraka ya kubadilisha masafa, ile inayotumiwa na schedutil (mmoja wa wachaguzi wa masafa wa Linux), kwa mashine nzima. Na pale ambapo vifaa vyenyewe vinachagua masafa, kama turbo au HWP, hutapata arifa hata moja. Ukitegemea arifa, umetegemea kitu ambacho hakiji.

Kinachobaki kwenye mashine mpya ni kuhama. Mgeni ameanza kwenye mwenyeji wa TSC ya GHz 2.5, anahamishiwa kwenye ya 2.4. Mabadiliko ni yaleyale, yametokea mara moja na bila arifa. Kwa mgeni anayesoma rekodi, andika rekodi mpya kabla hajatekeleza amri ya kwanza, na `ns0` iendelee pale ilipoishia, usichukue ya mwenyeji mpya. KVM ina KVM_GET_CLOCK na KVM_SET_CLOCK kwa kazi hiyo.

Kwa mgeni anayesoma TSC moja kwa moja unahitaji prosesa izidishe yenyewe. Kwa Intel ni kizidishi cha biti 64 ndani ya VMCS, mwenza wa VMCB, biti 48 za chini zikiwa za desimali: mgeni aliyepewa GHz 2.0 juu ya mwenyeji wa 2.5 anapata 0.8, yaani 225179981368524. Kwa AMD ni MSR (rejista maalumu ya prosesa) 0xC0000104, biti 32 za desimali na 8 za namba kamili, uwepo wake uko CPUID 0x8000000A, EDX biti ya 4. Athlon yako haina. Kumbuka mpangilio: kwanza kuzidisha, halafu kujumlisha ofseti. Ukibadilisha kizidishi bila kukokotoa ofseti upya, TSC ya mgeni inaruka.

KVM isipokuwa na uwezo huo wa vifaa, inakubali tofauti ya hadi sehemu 250 kwa milioni kama ilivyowekwa kwenye `tsc_tolerance_ppm`. Kwa GHz 2.5 hiyo ni kHz 625. Ndani ya hapo inaacha hivyohivyo. Nje ya hapo, masafa yaliyoombwa yakiwa juu ya ya vifaa inajitahidi kumsukuma mgeni mbele kupitia ofseti, yakiwa chini inakataa, kwa sababu ofseti haiwezi kuipunguza kaunta mwendo bila kuirudisha nyuma.

Kwa QEMU, programu inayoendesha mashine pepe juu ya KVM, `+invtsc` (kumtangazia mgeni TSC isiyobadilika mwendo) peke yake huzuia kuhama. Ongeza `tsc-frequency=2400000000` au namba yako, na kizuizi kinaondoka, mradi upande wa pili una uwezo wa kuifikia namba hiyo.

Nigusie na ARM: kaunta ya CNTVCT_EL0 haifuati masafa ya kiini kabisa, kwa hiyo tatizo la powernow halipo huko. Ofseti ipo CNTVOFF_EL2.

---

tiki_na_nano

Asanteni sana wakuu. Matokeo: `khz_pima` imetoka 2411187, na dalili ya pili imekwisha kabla hata sijaweka kinga. Zao la biti 128 limemaliza ya tatu. PRECHANGE na mkatizo vimeondoa kurudi nyuma kwenye kupanda.

Maswali mawili yamebaki. Nijaribuje kwa nguvu ili niwe na hakika? Na kuna mgeni mwingine, mfumo wa zamani usiojua rekodi, unaopima TSC dhidi ya PIT (taima ya zamani ya PC) unapowaka na kuiamini namba hiyo mpaka unapozimwa. Huyo nimfanyeje kwenye Athlon?

---

chuma_na_kerneli

Jaribio: weka `userspace` kwenye scaling_governor ya kila kiini, kisha kwenye mzunguko andika 1000000 na 2400000 kwa zamu kwenye scaling_setspeed, ukipumzika milisekunde 20 katikati. Ndani ya mgeni endesha nyuzi mbili, kila moja imefungwa kwenye prosesa pepe yake. Zisome saa moja kwa moja kwenye rekodi bila kupumzika na kulinganisha na thamani ya mwisho iliyoonwa na uzi wowote, iliyohifadhiwa kwa cmpxchg. Ukilinganisha uzi na usomaji wake mwenyewe pekee, hutaona pale prosesa pepe moja inapoitangulia nyingine, na hiyo ndiyo hitilafu ngumu. Huku hilo likiendelea, kutoka kwa mwenyeji hamisha prosesa pepe kutoka kiini 0 kwenda 1 na kurudi kwa taskset. Acha masaa 12. Andika tofauti ndogo kuliko zote, siyo wastani.

Ikionekana hasi ya mamia ya nanosekunde kati ya nyuzi mbili, huo ni ukomo wa usahihi wa kusoma HPET au acpi_pm. Linux ndani ya mgeni ina kinga yake: rekodi isipokuwa na alama kwamba TSC ni thabiti, inaweka thamani ya mwisho ya pamoja na hairudi chini yake. Kwa hiyo usiiwashe alama hiyo kwenye Athlon hata kidogo.

---

mizani96

Huyo mgeni wa zamani ndiye anayestahili kunaswa. Akipima wakati kiini kiko 1.0, ataamini 1.0 daima, na kiini kikienda 2.4 sekunde yake inakuwa milisekunde 417 za kweli. Hakuna rekodi itakayomfikia.

Washa kunasa RDTSC kwenye VMCB, sehemu ya 0x0C, biti ya 14. Prosesa yako ikiwa na RDTSCP, nayo inanaswa peke yake kwenye 0x10, biti ya 7. Ukiisahau, mgeni atapata kaunta mbili zisizopatana. Usomaji wa MSR 0x10 upitie palepale. Jibu unalomrudishia litoke kwenye saa ya mwenyeji kwa masafa ya kubuni uliyomchagulia, yasiyobadilika:

```
vtsc = (u64)((unsigned __int128)ns_mgeni * khz_mgeni / 1000000);
```

Biti 128 hapa pia. Kwa khz 2400000 zao la biti 64 linajaa baada ya sekunde 7686, yaani saa 2 na dakika 8 tangu mgeni awashwe, muda ambao majaribio mengi ya haraka hayaufikii. Ndani ya kerneli tumia `mul_u64_u32_div`, kwa sababu kugawanya moja kwa moja kwa biti 128 kunahitaji msaada wa maktaba ambayo kerneli haina.

PIT unayomwigia isome saa hiyohiyo ya `ns_mgeni`, kwa Hz 1193182. PIT ikitoka kwenye taima moja na RDTSC kwenye chanzo kingine, upimaji wake wa kuwaka utatoka tofauti kila mara. Vivyo hivyo taima zote unazoiga: hifadhi mwisho wa muda kwa nanosekunde, usihifadhi kwa tiki. Tiki zilizowekwa kiini kikiwa 1.0 zitaisha mapema kiini kikiwa 2.4, na mkatizo utafika kabla ya wakati wake.

Gharama ipo. Kutoka na kurudi ni mizunguko zaidi ya 1000 kwa kila usomaji, badala ya makumi machache. Kwa mfumo wa zamani unaosoma mara chache kwa sekunde haionekani. Ukiwa na mgeni anayesoma mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, mfungie masafa ya mwenyeji kwenye 2.4 wakati wote anapoendeshwa, ifunge pia prosesa pepe yake kwenye kiini kimoja, zima C1 kwa `idle=poll`, na uache RDTSC ipite bila kunaswa. Umeme utaliwa zaidi, lakini kaunta itakuwa moja na mwendo wake mmoja.